Mbegu za Rebeka Kwenye Moshi wa Mayu

Wajukuu zangu, na ninyi vijana wengine mnaopita hapa Ngokolo kuniomba miche bure, kaeni kitako. Mnaniita fundi wa maua, nami napokea jina hilo kwa mikono miwili, kwani nimekula mshahara wa maua tangu nikiwa kijana mpaka nikastaafu. Lakini msidhani nilizaliwa nikijua. Kwetu kijijini uwanja wa nyumba ulifagiwa mpaka ukang'aa, na kitu chochote cha kijani kilichothubutu kuota karibu na mlango kiling'olewa, maana kilifuga nyoka. Wigo ulikuwa wa minyaa, basi. Siku nilipomwambia mama yangu kwamba serikali imeniajiri mjini Shinyanga nipande maua, aliniuliza: "Wanayala?" Nikasema hapana. "Ng'ombe wao je, wanayala?" Nikasema hapana. Alinitazama kwa huruma nyingi sana.

Mama yangu nilimwita Mayu, kama Wasukuma wote wanavyowaita mama zao, nanyi nitawatajia hivyo hivyo, kwa sababu habari hii ni yake kuliko yangu.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Shija, msimamizi wetu wa bustani. Yeye alianzia Geita, kwenye nyumba za mgodi wa dhahabu wa zamani, enzi za mkoloni. Mgodi ule ulipofungwa, wenye nyumba wakaondoka na maua yakabaki peke yake, wenzake wakaenda kuokota mabati na misumari. Yeye alikwenda kuokota mbegu. Alikuja Shinyanga na mfuko wa zinia, kosmosi na bangi-mwitu, na nusu ya maua mliyoyaona mjini hapa zamani yalitoka kwenye mfuko ule. Alikuwa mkali. Ukichuma mbegu mbichi alikuwa anakuwekea kiganjani na kukuambia ule, kwa kuwa kazi nyingine hazina.

Alinifundisha hivi: usichume ganda la mbegu kwa sababu wewe una nafasi leo. Chuma kwa sababu lenyewe liko tayari. Litikise karibu na sikio. Likiwa kimya, liache. Likicheza kama njuga, weka mfuko wa karatasi chini yake, uinamishe kikonyo, na usipumue kwa nguvu. Karatasi, si nailoni. Nailoni inaitoa mbegu jasho, na mbegu iliyotoka jasho inaota ukungu kabla haijaota jani.

Sasa nilipokuwa na miaka michache kazini walinipeleka milima ya Usambara kujifunza zaidi kazi ya bustani. Huko ndiko nilikoliona ua ambalo Kiswahili hakijalipa jina ninalolijua mimi. Wenyeji wa pale nilipokaa waliliita ua la njiwa. Majani yake yanafanana na ya giligilani, laini, yenye rangi kama imechanganywa na majivu. Ua lenyewe linainamisha kichwa kama bibi harusi, na nyuma yake lina mikia mitano iliyopinda. Ukiligeuza juu chini, unaona njiwa watano wamekaa duara wanakunywa maji kwenye bakuli moja. Nililigeuza nikaona hao njiwa, nikacheka peke yangu, na msichana aliyekuwa ng'ambo ya wigo akaniuliza kama milimani kwao nimekuja kusoma au kuchekea maua.

Huyo ndiye Rebeka, bibi yenu. Anasikia nikisimulia haya, na ameniambia nisitie chumvi. Sitii.

Tulifunga ndoa kanisani kwao, tukashuka na treni mpaka Shinyanga. Vyombo vyake vilikuwa vichache, ila kwenye pindo la kanga alikuwa amefunga fundo la mbegu za ua la njiwa, alizozichuma kwenye njia ya kuelekea mlango wa baba yake. Mbegu zile ni ndogo kama ulezi, nyeusi, zinang'aa. Alinionyesha tukiwa kwenye treni, baada ya kupita Tabora, alipokuwa ameshachoka kutazama nchi iliyolala chali bila kilima hata kimoja.

"Masanja," akaniambia, "joto hili nitalizoea. Maji ya chumvi nitayazoea. Lakini nataka kitu kimoja cha nyumbani kiote pale. Kikiota, nami nitajua naweza kuishi."

Nami nikajibu kama anavyojibu mwanamume aliyetoka kozi: "Hilo tu? Hiyo ndiyo kazi yangu."

Tulipofika tulipanda nusu ya mbegu. Nasema tulipanda, lakini nilipanda mimi, maana nilikuwa mtaalamu. Nilichimba tuta, nikatia samadi, nikapiga vishimo, nikatia mbegu na kufukia kwa unyayo kama tunavyofukia mtama. Nikamwagia maji kwa debe. Wiki zikapita. Yakaota magugu mazuri sana. Rebeka alikuwa akitoka asubuhi, anachuchumaa kwenye tuta, anarudi ndani.

Nikamwendea Mzee Shija. Alikuja kwetu Ngokolo na baiskeli yake, akalitazama tuta, akatia kidole kwenye udongo.

"Masanja, hapa hukupanda. Hapa umezika."

"Nimefuata taratibu zote, Mzee."

"Taratibu za mtama. Hii mbegu ni ndogo, nguvu yake ya kusukuma udongo iko wapi? Na tena niambie. Huko kwao hulala wapi?"

"Nani, Rebeka?"

"Mbegu, wewe! Huko kwao, ikianguka kutoka kwenye ganda, hulala wapi kabla haijaota?"

Nikafikiri. Nikasema inalala chini, juu juu ya udongo, miezi ile ya baridi, ukungu ukishuka mpaka huoni mkono wako.

"Basi. Mbegu ya ugenini, kabla hujaipa chakula, uliza kwao ililalaje na iliamshwa na nini. Hukuuliza. Uliipa samadi."

Shikeni hilo. Mbegu ya ua la njiwa haitaki kufukiwa. Unainyunyiza juu ya udongo laini uliochekechwa, unaikandamiza kwa kiganja, inabaki inaona mwanga. Maji usimwage, chukua kopo la maziwa, toboa kwa msumari mwembamba, au weka chombo chote ndani ya beseni lenye maji kidogo mpaka udongo unywe kutoka chini. Na kabla ya yote hayo lazima ilale kwenye baridi, ndani ya mchanga wenye unyevu, wiki kadhaa. Isipopata baridi inaamini kiangazi hakijaisha, inaendelea kulala.

Niliingia ndani na elimu hiyo mpya nikiwa nimefurahi, maana nusu ya mbegu bado ilikuwepo. Rebeka alikuwa ameitundika chumbani kwenye msumari, ndani ya lile lile fundo la kitambaa. Nikaenda kuichukua. Msumari ulikuwepo, fundo halikuwepo.

Hapa niwaeleze jiko la Mayu. Nilimleta kutoka kijijini akae nasi baada ya baba kufariki, naye alipofika tu alikataa jiko la mkaa. Alitaka jiko lake la nje, la nyasi na udongo, lenye mafiga matatu, na juu ya mafiga uchaga wa miti. Kwenye uchaga ule, ndani ya moshi, ndiko alikoweka utajiri wake wote: mashuke ya mtama ya mbegu, mahindi ya mbegu, kibuyu cha mbegu za maboga. Moshi unafukuza wadudu. Kila mama wa Kisukuma anajua hivyo, na njaa nyingi zimeogopa uchaga wa namna ile. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa. Mimi mwenyewe mwanawe nilipigwa mwiko nikiwa mdogo kwa kuchomoa hindi pale.

Basi lile fundo lilikuwa pale juu, jeusi kwa masizi, kati ya mtama na mahindi. Chini yake sufuria la ugali linachemka.

Rebeka aliliona wakati huo huo nami. Alishika tumbo lake, maana alikuwa mjamzito tayari, akakaa kwenye kinu akalia. Mayu alisimama na mwiko mkononi, anamtazama yeye, ananitazama mimi. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, cha bei na salamu.

"Nimekosa nini kwa Lebeka?" akaniuliza kwa Kisukuma. "Mbegu ya nyumba hii inakaa pale."

Nikatafsiri nusunusu, kwa sababu nilikuwa na hasira. Nikamwambia Rebeka, "Anasema mbegu hukaa pale." Neno "nyumba hii" nililiacha. Sikuliona kama ni neno.

Kwa desturi za kwao na za kwetu, mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama wa mke. Wakati ulipofika nilimpandisha Rebeka treni. Alituaga vizuri. Alimwamkia Mayu, Mayu akaitikia marahaba na kumfungia viazi vya safari. Lakini nilipomuuliza atarudi lini, alisema, "Tutaona mtoto akikua." Wanaume, mke akiwaambia tutaona, msikae mkisubiri kuona.

Jioni ile nilikuta Mayu ameliteremsha fundo na kulifuta masizi. "Ipeleke huko unakojua," akasema. "Yote haiwezi kuwa imekufa."

Mzee Shija alizimimina kiganjani, akazichagua moja moja kwa kucha. Za nje zilikuwa zimekauka zikawa kama vumbi la mkaa. Za katikati ya fundo akasema labda. Baridi sasa ipatikane wapi? Shinyanga yetu ile, friji uliitaja kama unavyotaja ndege. Nikamkumbuka ndugu yangu Luhende, mtoto wa mama mkubwa, aliyekuwa mpishi kwenye nyumba moja ya wakubwa kule Songwa, karibu na mgodi wa almasi. Nyumba ile ilikuwa na friji ya mafuta ya taa.

Nikachanganya mbegu na mchanga wenye unyevu ndani ya kopo la kakao, nikampelekea. Luhende akaliweka nyuma ya siagi. Mambo yakaenda vizuri mpaka siku moja mama mwenye nyumba alipofungua kopo akitafuta kakao. Alimwita Luhende. Kwa nini kuna mchanga kwenye friji yake? Luhende alikuwa mtu asiyejua kudanganya, ndiyo maana alidumu kwenye kazi ile.

"Mama," akamwambia, "humo ndani kuna ndoa ya mtu. Naomba usiitoe."

Akamweleza yote. Yule mama akalifunika kopo, akalirudisha nyuma ya siagi mwenyewe, na kila Luhende alipotoka sokoni alikuwa anamuuliza, "Ndoa yetu inaendeleaje?"

Zilipotoka kwenye baridi nikazipanda kama nilivyofundishwa, juu juu, kwenye kopo la mafuta ya kupikia lililotobolewa chini. Nikasubiri mpaka nikakata tamaa, na nilipokata tamaa vikatokeza vijani vya kijani, vidogo kama alama ya kalamu. Vitatu. Kimoja kikaliwa na kuku. Cha pili nilikihamisha nikiwa na haraka. Ua la njiwa lina mzizi mmoja unaoshuka wima, ukiukata umemkata mtu koo. Kikanyauka siku ile ile. Mayu akaja akanipokonya kopo lenye kile cha tatu.

"Wewe una maua ya serikali. Hiki niachie."

Akakiweka kando ya mtungi wake wa maji, kwenye kivuli, pale ambapo mtungi unatoka jasho na udongo unabaki wa baridi mchana kutwa. Mimi na kozi yangu sikuwa nimefikiria mtungi. Kisima kilikuwa mbali mwaka ule na mvua zilichelewa, lakini kopo lile lilikunywa kabla yetu. Nilimsikia akiongea nalo asubuhi, analisalimu "mwangaluka" kama anamsalimu mtu, halafu anawatukana kuku. Kuku wote tuliwauza, mwishowe.

Mtoto alizaliwa, wa kike, mama yenu Limi. Habari ililetwa na mtu aliyetoka huko kwenye biashara ya viungo. Akaongeza, bila kunitazama usoni, kwamba wazee wa kule wanaona afadhali Rebeka abaki mpaka mtoto atembee, na kwamba Rebeka hajawapinga.

Sikulala vizuri siku zile. Nilimwambia Mayu tutume wazee, kama inavyotakiwa. Kwetu mama mkwe hafungi safari kumfuata mkamwana. Anakaa kwenye kigoda chake anasubiri kuamkiwa. Mayu alikuwa anapepeta mtama. Akaniambia, "Wazee watakwenda kuongea. Mimi sina la kuongea, nina la kupeleka." Akaliangalia kopo.

Hapo ndipo nilipopaswa kumwambia. Wajukuu zangu, huko Usambara kwa baba yake Rebeka ua la njiwa linaota mpaka kwenye nyufa za ngazi. Wanalipalilia kama gugu. Mayu alikuwa hajui. Hajawahi hata kuliona likichanua, maana cha kwake kilikuwa majani matupu. Shinyanga hakuna baridi ya kukifanya kichanue. Nilitaka kusema nikaona namna alivyolifunga lile kopo na kipande cha kanga yake nzuri, nikaenda kukata tiketi.

Alilipakata njia nzima, daraja la tatu. Mkagua tiketi akamuuliza, "Bibi, mboga gani hiyo?" Mayu akanisukuma nitafsiri: "Si mboga. Ni ya mkamwana wangu, inakwenda kumwita." Habari ikaenea kwenye behewa. Watu wakaanza kulihudumia lile kopo: huyu kalimwagia maji ya kunywa, yule kahama dirishani lisipigwe na jua. Mimi nimekaa kona natazama nje, najua tunabeba kuni kupeleka msituni.

Tulipopanda milimani Mayu alitetemeka kwa baridi ambayo hajawahi kuijua. Nikampa koti langu, akalifunika kopo. Nikamwambia kopo halihitaji, ndilo linalopenda baridi. Akalichukua koti, akavaa, akacheka: "Kumbe wewe na yeye kwenu ni kugumu namna hii?" Alikuwa analiambia lile kopo.

Tukafika kwenye njia ya kuelekea mlango wa baba mkwe. Pande zote mbili, kutoka barabarani hadi ngazini, ua la njiwa lilikuwa limechanua, la zambarau, la waridi, jeupe, yote yameinamisha vichwa. Mayu akasimama. Nikajua sasa aibu imetufika, nikaanza, "Mayu, nilitaka kukuambia..."

"Nyamaza," akasema. Akainama, akaligeuza ua moja kwa kidole, akawaona njiwa. Alipoinuka macho yake yalikuwa yamejaa. "Ni hili? Nilikuwa nalinywesha hili?"

Baba mkwe alitoka, akaona kopo, akacheka mpaka akashika nguzo. "Mama Masanja, umetoka Usukumani kote huko na tochi kuja kumulika jua!" Sikutafsiri. Rebeka alikuwa nyuma yake, mtoto mgongoni. Hakucheka. Alikuja akachukua kopo kutoka mikononi mwa Mayu, akayatazama majani, akainusa ile kanga.

"Hii imetoka wapi?" akaniuliza.

"Ni ile ya moshi. Imebaki hii moja. Ameikuza yeye."

Mayu akaanza kusema, na safari hii nilitafsiri kila neno, hata yale yaliyonichoma. "Pale juu naweka mbegu za nyumba yangu tu, ambazo zikipotea tumekwisha. Ya mtama, ya mahindi. Nikaweka na yako. Sikujua yako inaogopa moto. Sasa najua, nimeiweka kwenye mtungi."

Rebeka alinigeukia. "Siku ile hukuniambia alisema ya nyumba yake."

Nikasema sikuuona umuhimu wake. Akanitazama, nami niliona heri ningetazamwa na Mzee Shija. Kisha akaliweka kopo chini, kwenye ngazi, katikati ya yale yaliyochanua. Akamfungua mtoto mgongoni, akamgeuza Mayu kwa mabega kama unavyomgeuza mtoto mwenzako mkicheza, akamweka Limi mgongoni kwake, akaifunga mbeleko kwa nguvu na kulikaza fundo kifuani.

"Shikamoo, Mayu," akasema.

"Marahaba, ng'wana wane," Mayu akajibu, yaani mwanangu, na hakumtua mtoto yule mpaka tuliporudi sote Shinyanga.

Mnaniuliza kila mara kama ua la njiwa lilichanua hapa Ngokolo. Mara chache sana, miaka yenye baridi ya kutosha mwezi wa Julai, na hata hivyo ua moja, mawili, mafupi. Miaka mingi ni majani tu kando ya mtungi. Kile cha kwenye kopo tulikiacha kule ngazini na kikachanua kikawa cha zambarau. Mbegu zetu zote zimetokana nacho na ndugu zake.

Mayu ametutoka siku nyingi. Jiko lake bado lipo, nanyi mnalalamika linawatia moshi machoni. Kila tukichuma mbegu Rebeka anazigawa mafungu mawili. Fungu moja ananipa mimi niliweke kwenye friji, ndilo tunalopanda, ndilo ninalowapa ninyi bure. La pili analifunga kwenye kitambaa, anasimama juu ya kinu, analitundika juu ya mafiga, kati ya mtama na mahindi. Nimemwambia mara nyingi, kama fundi, kwamba ile ya moshi haitaota. Huwa ananijibu kwamba anajua, nimshikie kinu asianguke.